Ukili wa Mia Mbili na Saba

Kipande cha majaribio cha ukuta kilikuwa na kili ishirini, tepe zilizosukwa kama za mkeka, na kili kumi na saba zilifumuka vizuri kabisa. Skolastika Ligazio alisimama mbele ya Sikio, kile kisanduku cha kijivu kilichoizoea sauti yake na kisichomsikiliza mtu mwingine yeyote. Kila aliposema "fumua," ukili mmoja ulilegea, nyuzi zake zikapishana kinyumenyume, zikalala chini zimenyooka. Maji yaliyozuiwa nyuma ya kipande yakaanza kupita taratibu kwenye mfereji wa saruji. Walianza na ukili wa ishirini, wakashuka hadi wa nne, na Mhandisi Lutengano, kijana wa watu mwenye kalamu tatu mfukoni, akaanza kutabasamu mapema.

Ukili wa tatu uliposikia neno, ukakaza.

Ulikaza kwa nguvu, ukawabana jirani zake wa juu na wa chini, na kipande kizima kikakatika katikati. Maji yaliyotakiwa kutoka kwa robo saa yalitoka kwa mpigo mmoja. Yaliwalowesha wanafunzi wote kumi na tisa, yakaondoka na daftari mbili na kiatu cha kushoto cha mhandisi.

Lutengano alikimbilia kiatu kwanza, kisha akarudi akichechemea na kusema ni waya wa Sikio, bila shaka ni waya, atabadilisha jioni hiyohiyo. Wanafunzi wakaafiki kwa sababu mwenye kalamu tatu hapingwi hovyo. Skolastika alichutama, akaokota ukili wa tatu, akaugeuza kwenye mwanga na kuangalia nyuzi zilikolalia. Zote zililalia upande usiotakiwa.

Aliutambua mshazari ule kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe. Shida ni kwamba kipande kile kilisukwa na wanafunzi mwezi uliopita, na yeye hakukigusa.

*

Kila mtu wa Lukoga alijua ukuta wao umesukwa. Watoto waliimbishwa shuleni. Miaka ishirini na miwili nyuma, mto ulipoingia mjini mara tatu katika masika moja, wanawake mia na watatu waliokuwa wakisuka mikeka ya ukindu waliitwa kwenye mabwawa ya maabara na kuonyeshwa ukindu wa aina nyingine, unaokuzwa majini na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Waliuita ukindu-hai. Uzi wake ulikuwa mwembamba kuliko wembe na haukatiki kwa msumeno wala kuungua kwa moto, na ulikuwa na tabia moja ya ajabu: ulikumbuka namna ulivyokunjwa mara ya kwanza. Ukipata maji unakaza. Ukipigwa mpigo wa umeme unaofuata njia ileile uliyokunjiwa, kutoka mwisho kwenda mwanzo, unajikunjua wenyewe. Wanawake walisuka kili, kila ukili ukiwa na upana wa mlango na urefu wa mtaa, wakazishona pamoja kama wanavyoshona mkeka, na mto ukasimama.

Wahandisi wa kwanza walikipa kile kisanduku neno moja tu, "rudisha." Siku ya jaribio walisema rudisha, na ukuta wa mfano ukageuka fungu la nyuzi ambalo hakuna aliyejua limerudi wapi. Wasusi walicheka hadi wakakaa chini. Bibi Kolumba, aliyekuwa mkuu wao, aliwauliza wahandisi wale kama nyumbani kwao kila kitu hurudishwa tu. Paa huezuliwa, akawaambia, mtego huteguliwa, mfereji huzibuliwa, plasta hubanduliwa, hati hubatilishwa na wakubwa, uteuzi hutenguliwa na wakubwa zaidi. Kitu kilichosukwa hufumuliwa, na mfumuaji sharti ajue kilisukwaje. Tangu hapo Sikio likafundishwa maneno matatu, legeza, fumua na achia, na cheo cha Mfumuzi Mkuu kikaanzishwa, kazi ya msusi badala ya mhandisi.

Kwa miaka tisa sasa cheo hicho kilikuwa cha Skolastika. Alikishika vizuri, na alijua anakishika vizuri, wala hakuwa mtu wa kujifanya hajui.

Alhamisi saa nne asubuhi angefumua ubavu wote wa mashariki, kili mia nne na kumi na mbili. Ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya maisha yake. Ukuta uliokoa mji lakini uliikausha Mbugani, kijiji kilichokaa chini ya ubavu ule. Kwa mababu na mababu mto ulikuwa ukifurika polepole kila mwaka kwenye mashamba yao ya mpunga na kuacha tope jeusi. Baada ya ukuta, tope halikuja tena. Ardhi ikapiga chumvi, mpunga ukatoa makapi, vijana wakaondoka. Watu wa Mbugani waliandika barua kwa miaka sita hadi Baraza la Ukuta likakubali. Ubavu ungefumuliwa ukili kwa ukili, asubuhi nzima, maji yashuke kwa upole kama zamani. Mto ulikuwa kwenye kina kinachofaa sasa hivi, na ungebaki hapo siku nne tu kabla ya mvua za milimani.

Na kama ukili mmoja tu ungekaza badala ya kulegea, ubavu ungekatika kama kipande cha majaribio, na mto wote ungeingia Mbugani kwa mara moja. Nyumba mia tatu. Wenyewe walikwishahamishwa mara mbili kupisha majaribio yaliyoahirishwa, wakarudi na kukuta milango imeng'olewa. Mara ya tatu waligoma.

*

Skolastika alimkuta Mwajabu nyuma ya banda, akikamua nguo zake. Mwajabu alikuwa mwanafunzi wake bora, binti wa miaka ishirini na sita asiye na maneno mengi.

"Ukili wa tatu ni wako," Skolastika alisema.

Mwajabu aliendelea kukamua sketi ambayo maji yalikwisha kitambo. Kisha machozi yakamtoka, na maneno yakafuata. Alikuwa shoto tangu kuzaliwa. Nyumbani walimpiga, shuleni walimpiga, akajifunza kuandika na kula kwa mkono wa kulia, lakini ukindu mkono wa kulia ulimkatalia. Alipojiunga na chama akaona kila msusi anafunika mapaja yake kwa kanga na kusuka chini ya kanga, mikono haionekani. Akamshukuru Mungu. Akasuka kwa mkono wake.

"Nilikuiga wewe, Mama," alisema. "Wote tulikuiga wewe."

Hilo la kanga lilikuwa la Skolastika kweli.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati wa ukuta. Bibi Kolumba hakutaka kusikia habari ya shoto kwenye chama. Alisema ukili wa kushoto haukai na wenzake, na akawafukuza wawili mbele ya watu. Skolastika alisuka kili zake tatu za kwanza kwa mkono wa kulia, kwa shida na polepole, mpaka usingizini akawa anaona nyuzi. Zamu ya ukili wa nne ilipofika, mvua ilikuwa imeanza milimani, mto unapanda kwa saa, na wote wanamngoja yeye. Akavua kanga ya begani, akaitandaza mapajani, akaingiza mikono chini yake, na mkono wa kushoto ukafanya kazi uliyoumbiwa. Alimaliza kabla ya wote. Bibi Kolumba alipitisha kiganja juu ya ukili ule, wa mia mbili na saba, akasema haujawahi kusukwa uliobana namna ile. Watu wakadhani siri ni kanga, kwamba inaukinga ukindu na jua. Kabla ubavu haujaisha nusu ya chama walifunika mapaja. Skolastika alipopanda cheo, ikaandikwa kwenye kanuni.

Fomu za ukuta zilikuwa na sehemu ya kujaza mkono uliosuka. Zililetwa kutoka mjini zimekwisha kuchapwa "kulia," zote, ili kuokoa muda. Sikio lilifuata fomu.

Alimwambia Mwajabu abadilishe nguo asije akaugua, na wala asimwambie mtu.

*

Ufunguo wa kumbukumbu za ukuta ulikuwa shingoni mwake. Mchana ule aliingia ofisini, akafungua rekodi ya ukili wa mia mbili na saba, na neno "kulia" likamtazama. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Angelifuta, angeandika "kushoto," na Sikio lingeupigia ukili ule mpigo wake sahihi. Hakuna ambaye angejua. Angestaafu na jina lake, wanafunzi wake kumi na tisa wangebaki na vyeti vyao vyenye sahihi yake, na Mbugani ingepata maji. Kila mtu angepata alichotaka, na yeye zaidi.

Alikwisha kuweka kidole juu ya kitufe alipojiuliza swali ambalo lilipaswa kumjia mapema. Kama yeye alisuka hivi, na Mwajabu alisuka hivi, wengine wangapi?

Bibi Kolumba aliwafukuza wawili waliojulikana. Wanawake waliobaki walikuwa mia na mmoja, na wengi walianza kujifunika kanga wakati ubavu wa mashariki umefika nusu tu, baada ya ule wake kusifiwa. Alikuwa amewapa wote mahali pa kujificha bila kujua. Kufuta neno kwenye ukili wake kungesahihisha ukili mmoja. Wowote uliobaki ungetosha kuwaua watu wa Mbugani, na yeye angekuwa amesimama juu salama akisema "fumua" kwa sauti yake nzuri.

Kuzikagua kwa macho hakukuwezekana. Kuvu na matope ya miaka ishirini na miwili vilikuwa vimeufunika ukuta unene wa mkono. Kuusafisha kungechukua miezi miwili.

Akaondoa kidole. Siku ya Jumanne alikwenda kwa wenzake wawili wa zamani, wale aliowaamini kuliko wote, akaanza kwa kuzungukazunguka, habari za wajukuu, habari za miguu, kisha akauliza kwa upole kama enzi zile waliwahi kumfahamu msusi yeyote wa mkono mwingine. Wa kwanza alisema hapana, akatazama saa. Wa pili, Bi Apolonia, mwanamke mwenye heshima yake kanisani, alimnyang'anya kikombe cha chai kikiwa nusu na kumuuliza kama amekuja kumtukana kwenye kochi lake mwenyewe.

Skolastika aliondoka akijua Apolonia ni shoto. Mtu asiye shoto angecheka tu. Na alijua pia kwamba hatapata jibu kwa mtu yeyote katika mji ule kama ataendelea kuuliza akiwa amejifunika.

Njiani alikasirika, si kidogo. Alimkasirikia Bibi Kolumba marehemu, akamkasirikia aliyechapa fomu, akamkasirikia yule msichana wa miaka ishirini na tisa aliyesifiwa akanyamaza. Kisha hasira ikaisha, na alichobaki nacho ni jambo la kufanya. Hilo hakuwahi kuliogopa.

*

Jumatano alasiri banda la ukili lilijaa. Kikao kilikuwa kimeitishwa kwa ajili ya maelekezo ya mwisho. Wasusi wazee walikaa mbele, sabini na mmoja waliobaki hai, na nyuma yao wanafunzi, na kando wajumbe wa Baraza pamoja na mwenyekiti wao. Kutoka Mbugani walikuja watu sita, wakiongozwa na Kasiano Mponda, mkulima mrefu aliyeandika barua zote zile za miaka sita kwa mkono wake na kubaki na nakala zote.

Skolastika hakupanda jukwaani. Alitandika mkeka katikati, akaketi, miguu mbele, kama msusi anavyoketi. Akaivua kanga, akaikunja mara nne, akaiweka chini mbali kidogo. Hapo tu watu walianza kunong'ona, kwa sababu hawajawahi kuyaona mapaja yake yakiwa wazi mbele ya ukindu. Akachukua nyuzi kumi na tatu na kuanza kusuka kwa mkono wa kushoto.

Alisuka mpaka ukili ukafika urefu wa dhiraa. Mkono ulikimbia. Wasusi waliona kitu ambacho walikisifu kwa miaka ishirini na miwili bila kukiona.

"Hivi ndivyo nilivyosuka ukili wa mia mbili na saba," alisema. "Fomu inasema kulia. Fomu inadanganya, na mimi niliisaini. Kesho ningeufumua kwa njia ya kulia, ungekaza, na watu wa Mbugani wangekufa. Ningeweza kuibadilisha rekodi kimyakimya. Ufunguo huu hapa. Lakini najua siko peke yangu, na sizijui namba zenu."

Mwenyekiti wa Baraza aliinuka. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilikuwa wazi: aliyesaini rekodi ya uongo hawezi kuwa Mfumuzi Mkuu. Alisema kwa masikitiko kwamba uteuzi wa Mama Ligazio umetenguliwa kuanzia saa ile, na kwamba Baraza litatazama pia vyeti alivyotoa. Skolastika akamshukuru, akavua ufunguo shingoni na kumkabidhi. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu asubuhi kwa ajili ya maneno yale, na yalipokuja akashangaa kwamba yamempita.

"Nimekwisha kumwaga unga," akawaambia wasusi. "Hakuna kibaya zaidi ambacho Baraza linaweza kuwafanyia ninyi, maana ninyi hamna cheo. Basi semeni."

Kule nyuma Mwajabu alisimama, akainua mkono wake wa kushoto juu, akasema kwamba kiatu cha mhandisi kilipotezwa na yeye. Watu wachache walicheka, zaidi kwa hofu. Lutengano alitazama viatu vyake vipya.

Kisha Bi Apolonia akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti na mengine. Alisema namba nne, moja baada ya nyingine, bila karatasi, na jinsi alivyozitaja ilionekana wazi kuwa hajawahi kulala bila kuzikumbuka. Akasimama mwingine. Akasimama mwingine. Walifika tisa walio hai.

Binti mmoja wa duka la dawa akasema hana la kwake, ila mama yake marehemu, mbele za wageni, alipakua ugali kwa mkono wa kulia, na wakiwa peke yao alipakua kwa kushoto. Hakujua namba. Hapo ndipo wote walipowakumbuka wale thelathini waliokwisha kufa, na banda likapoa tena, kwa sababu marehemu haulizwi.

"Mikeka yao ipo," Mwajabu alisema.

Ilikuwa rahisi kiasi kwamba wazee walikasirika kwa kutoiwaza. Ukuta ulikuwa umefunikwa na matope, lakini kila mmoja wa wale wanawake alisuka mikeka ya nyumbani, na mikeka ile ilikuwa vitandani, sebuleni, mingine imekunjwa darini. Nyuzi zake zililala kama zilivyolazwa. Kabla ya jua kuzama barabara nzima ya banda ilitandazwa mikeka, ya rangi na isiyo na rangi, mingine imechakaa hadi ukili mmoja, na wasusi walitembea juu yake wameinama wakisoma mikono ya wenzao. Watoto wa marehemu walisimama pembeni ya mikeka ya mama zao wakingoja kuambiwa. Kusema kweli, Skolastika alilia kidogo. Wiki moja kabla, hakuna mtu Lukoga ambaye angetoa mkeka wa marehemu mama yake ukaguliwe kwa jambo hilo.

Fomu zilionyesha ukili upi ni wa nani, na kabla ya ule wa mia mbili na saba hakuna shoto aliyekuwa na kanga ya kujifichia. Walipata kili thelathini na moja. Lutengano aliziandika kwa kalamu zote tatu, kisha akazigeuza kuwa "kushoto" kwenye rekodi za Sikio.

Ilibaki sauti. Sikio lilihitaji Mfumuzi, na, Skolastika akiwa ametenguliwa, mtu pekee mwenye mafunzo aliyeujua mwendo wa kushoto bila ya kufikiri alikuwa Mwajabu. Mwenyekiti aliuliza kama hakuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akamteua kwa siku moja, na usiku ule Sikio likazoeshwa sauti yake.

Kasiano Mponda sasa alikuja mpaka kwenye mkeka wa Skolastika, akachuchumaa.

"Mama, hesabu imekamilika?"

"Imekamilika."

"Una hakika, au unatumaini?"

Aliirudia kichwani mikeka yote, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina. "Nina hakika."

"Basi kesho usisimame juu kule. Njoo usimame na sisi chini."

Wajumbe wa Baraza waliona maneno hayo hayana adabu. Skolastika aliyaona ya haki kabisa, akasema atakuja, na kama kuna uji wa mchele atafika mapema.

*

Mbugani, ukiwa chini, ukuta ulionekana mrefu kuliko ulivyoonekana kutoka mjini. Skolastika hakuwahi kuutazama kutoka upande huu. Alikuwa amesimama kwenye tuta la shamba la Mponda, udongo mweupe wa chumvi ukipasuka chini ya viatu vyake, na kijiji kizima kimesimama naye kwa mstari, wengine wamebeba watoto, wengine wameshika kamba za ng'ombe. Mama mzazi wa Mponda alikuwa ameletewa kiti. Uji ulikuwepo, na Skolastika alikunywa vikombe viwili.

Saa nne sauti ya Mwajabu ilitoka kwenye vipaza sauti. Ilitetemeka katika "legeza." Katika "fumua" ya kwanza ilitulia, na ukili wa mia nne na kumi na mbili ukaachia juu kabisa, ukaning'inia kama nywele. Utepe wa maji ukateremka ukutani.

Mwajabu alisoma namba kabla ya kila neno. Mia nne na kumi na moja. Mia nne na kumi. Kasiano alikuwa na karatasi yenye zile kili thelathini na moja, na kila wa kushoto ulipokaribia alishika mkono wa mama yake. Wa kwanza kati yake ulikuwa mmojawapo wa nne za Bi Apolonia. Ulilegea kama wenzake, na kutoka juu ya ukuta, walikosimama wasusi, zikasikika vigelegele ambavyo havikuwa kwenye ratiba.

Maji yalifika shambani kwenye mia tatu na hamsini. Yalikuja chini chini, rangi ya chai ya maziwa, yakajaza nyufa kwanza. Ng'ombe mmoja akainama akanywa. Yalipofika kwenye vifundo vya miguu yalikuwa yamekwisha kuleta tope, na mama yake Mponda alivua viatu na kuzamisha nyayo zake bila kuomba ruhusa ya mtu. Hakuna aliyekimbia. Watu wachache walianza kuzungumza, habari za mbegu, habari za nani ana jembe la kukopesha.

Kasiano alikuwa amekwisha kuipoteza hesabu. Karatasi yake ililowa, kelele za watu na maji zikameza namba za Mwajabu, na ukutani kili zilikuwa zikiachia moja baada ya nyingine kwa mwendo uleule. Akamsogelea Skolastika, uso umekaza.

"Ule wako ni wa ngapi, Mama?"

"Mia mbili na saba."

"Na sasa tupo wa ngapi? Uniambie ukikaribia, nimwinue mama."

Skolastika alikuwa akitazama juu, mikono yote miwili imelegea ubavuni, kanga kiunoni ikiwa imelowa pindo. Alikuwa ameuona wa kwake ukilegea, kwenye mstari wa kati, na hakuna mtu mwingine aliyegeuza shingo.

"Tupo mia moja na tisini na nne," akamwambia. "Mwache akae."